Imamu Muhammad bin Al-Hasan Ash-Shaybani: Kadhi aliyekataa kuivunja amani

Kila sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, Waislamu walio wengi wa mwambao wetu wa Afrika Mashariki wanafuata madhehebu ya Imamu Shafii (Mwenyezi Mungu amrehemu). Safinatun-Najaa, kitabu ambacho wengi wetu tulikianza madrasa kabla ya kuota ndevu, ni kitabu cha madhehebu yake. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaomjua mwalimu wake wa Iraq, yule ambaye Imamu Shafii mwenyewe alikiri kwamba aliondoka kwake na elimu ya vitabu vinavyotimia mzigo wa ngamia. Mwalimu huyo ni Imamu Muhammad bin Al-Hasan Ash-Shaybani, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, na mtungaji wa kitabu cha sheria za vita, mikataba na mateka ambacho wanasheria wa Ulaya walikuja kukistaajabia zaidi ya miaka elfu moja baada ya kifo chake.

Katika zama hizi ambapo kila siku tunasikia habari za jinai za kivita na mahakama za kimataifa, wapo wanaodhani kwamba fikra ya kuwa vita navyo vina sheria, na kwamba mtawala anaweza kuwa mkosaji hata akiwa vitani, ilizaliwa Ulaya juzi tu. Maisha ya mwanachuoni huyu yanatueleza vingine.

Kuzaliwa na kutafuta elimu

Alizaliwa katika mji wa Wasit, Iraq, mwaka 132 Hijria (750 Miladia), mwaka ule ule ambao dola ya Bani Umayya ilianguka na Bani Abbas wakashika hatamu. Asili ya baba yake ni kijiji cha Harasta karibu na Damascus, na alikuwa askari katika jeshi la Sham. Nasaba ya Shaybani waliipata kwa ufungamano na kabila la Bani Shayban, si kwa damu. Baadaye familia ilihamia Kufa, mji uliokuwa umejaa wanavyuoni wa hadithi, sarufi na fiqhi, na huko ndiko alikokulia.

Inasimuliwa kwamba akiwa kijana wa miaka kumi na minne hivi, aliingia katika darasa la Imamu Abu Hanifa akiwa na swali. Je, mvulana aliyesali Isha kisha akabaleghe usiku huo huo, anapaswa kuirudia sala yake? Imamu akamjibu kuwa anapaswa. Kijana hakusema kitu. Alichukua viatu vyake, akajitenga pembeni mwa msikiti, akasali. Abu Hanifa akafahamu kwamba kijana alikuwa akiuliza habari yake mwenyewe, na akatabiri mbele ya wanafunzi wake kuwa huyu, Mwenyezi Mungu akipenda, atafaulu. Aliporudi akitaka kukaa darasani, Imamu alimwambia kwanza aihifadhi Qur'ani. Akatoweka siku saba, kisha akarejea pamoja na baba yake, akisema kuwa ameshahifadhi.

Baba yake alipofariki alimwachia dirham 30,000. Kijana mwingine angenunua shamba au angefungua duka. Yeye alitumia nusu ya mali hiyo kujifunza sarufi na mashairi ya Kiarabu, na nusu ya pili kujifunza hadithi na fiqhi. Wazazi wanaolalamikia karo watatafakari wenyewe.

Imamu Abu Hanifa alifariki Baghdad mwaka 150 Hijria (767), na Shaybani alikuwa bado na umri wa miaka kumi na minane tu. Akaendelea kusoma kwa mwanafunzi mkubwa wa Imamu, Abu Yusuf, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa dola. Alichukua pia elimu kutoka kwa Sufyan Ath-Thawri na kwa Al-Awzai, Imamu wa watu wa Sham. Kisha akasafiri hadi Madina, akakaa kwa Imamu Malik zaidi ya miaka mitatu, akisikia kutoka kinywani mwake hadithi zipatazo mia saba. Muwatta aliyoipokea huko ingalipo hadi leo kwa riwaya yake, na ndani yake hasiti kusema pale ambapo watu wa Iraq wanatofautiana na mwalimu wake wa Madina. Ndiyo adabu ya wakati ule. Mtu alimheshimu mwalimu wake huku akitofautiana naye, na heshima haikupungua.

Mwalimu wa usiku

Waliomjua wanasema kwamba usiku wake aliugawa mafungu matatu: fungu la kulala, fungu la kusali na fungu la kusoma. Watu wa nyumbani kwake aliwaagiza wasimuulize habari za matumizi, bali wachukue wanachohitaji kwa wakili wake, ili moyo wake usishughulishwe. Alikuwa mtu mnene wa mwili, na Imamu Shafii alikuwa akisema kuwa hajapata kumwona mtu mnene aliye mwepesi wa roho na mwerevu kama yeye.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana kutoka Qayrawan, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, jina lake Asad bin Al-Furat. Kijana huyu alimlalamikia kuwa ni mgeni, masikini, na kwamba darasani watu ni wengi mno kiasi kwamba hasikii vya kutosha. Shaybani akamwambia asikilize mchana pamoja na wenzake, na usiku aje nyumbani amfundishe peke yake. Basi ikawa kila usiku anaweka mbele yake bakuli la maji, na kila Asad anaposinzia, mwalimu hujaza kiganja chake maji akamnyunyizia usoni, kisha husonga mbele na somo. Asad huyu alikuja kuwa kadhi wa Qayrawan, na mwaka 212 Hijria (827) akaliongoza jeshi lililovuka bahari kwenda Sicily.

Ama Imamu Shafii, kuja kwake Iraq mwaka 184 Hijria (800) hakukuwa kwa hiari. Aliletwa kutoka Yemen hadi Raqqa, makao ya Khalifa Harun Ar-Rashid, akituhumiwa kuwaunga mkono watu wa kizazi cha Sayyidna Ali waliokuwa wakiipinga serikali. Tuhuma ya namna hiyo iligharimu shingo. Wasimulizi wanataja kuwa Shaybani, aliyekuwa karibu na Khalifa, alimshuhudia kuwa ni mtu wa elimu, na Shafii akanusurika. Baada ya hapo ndipo alipokaa naye, akanakili vitabu vyake na kujadiliana naye. Kwa hiyo, sisi tunaosali kwa kufuata fiqhi ya Shafii tunadaiwa shukrani kwa mtu huyu zaidi ya tunavyofahamu.

Kitabu cha Siyar

Sasa tufike kwenye kile kilichomfanya atajwe hadi leo nje ya misikiti na vyuo vyetu.

Neno siyar ni wingi wa sira, yaani mwenendo. Wanavyuoni wa fiqhi walilitumia kwa maana ya mwenendo wa dola ya Kiislamu kwa wasiokuwa raia wake: wanaopigana nayo, waliofunga mkataba nayo, wafanya biashara wanaoingia na kutoka, wajumbe, mateka, na pia Waislamu walioasi. Abu Hanifa aliisomesha milango hii, Al-Awzai akaiandikia kitabu, na Abu Yusuf akamjibu Al-Awzai. Shaybani aliandika vitabu viwili, As-Siyar As-Saghir na As-Siyar Al-Kabir, yaani kidogo na kikubwa.

Kuna kisa kwamba Al-Awzai alikiona kile kidogo akauliza ni cha nani. Alipoambiwa ni cha mtu wa Iraq, alishangaa watu wa Iraq wana nini na elimu hii, ilhali vita vya Mtume (S.A.W.) na masahaba vilikuwa upande wa Hijazi na Sham. Shaybani akasikia, akaghadhibika, akajifungia na kuandika kile kikubwa. Kisa ni kizuri, ila miaka haikisaidii. Al-Awzai alifariki mwaka 157 Hijria (774), na kitabu kikubwa ni katika kazi za mwisho za Shaybani. Lililo wazi ni kwamba kilikuwa kikubwa kweli. Yasemwa kilijaza madaftari sitini, yakapakiwa kwenye gari la kukokotwa yakapelekwa hadi mlangoni kwa Khalifa, naye akawatuma wanawe wakakisikilize kwa mtungaji.

Mlango uliochukua nafasi kubwa zaidi ndani yake ni mlango wa amani. Hapa neno amani lina maana ya kisheria, yaani ahadi ya usalama anayopewa mtu wa upande wa adui, kwamba nafsi yake na mali yake havitaguswa. Fundisho lake ni kwamba ahadi hii ikitolewa na Mwislamu mmoja tu, inawafunga Waislamu wote, na mwanamke katika jambo hili ni sawa na mwanamume, kwa ushahidi wa Ummu Hani aliyewapa amani washirikina siku ya kufunguliwa Makka mwaka wa 8 Hijria (630), na Mtume (S.A.W.) akaipitisha. Ahadi hutolewa kwa lugha yoyote, hata kwa ishara ya mkono, maadamu adui ameelewa kuwa amepewa usalama. Sayyidna Omar (R.A.) alikuwa amepata habari kwamba baadhi ya askari wake huko Uajemi humfukuza adui hadi anapopanda mlimani, kisha humwambia kwa Kifursi asiogope, na akishuka humwua. Akaandika kwa kamanda wake, akiapa kwamba hatamjua mtu aliyefanya hivyo ila atamkata shingo.

Ndugu msomaji, hebu tulitazame jambo hili vizuri. Hapa kiongozi wa dola inayoshinda anatishia kumwua askari wake mwenyewe kwa kosa alilomtendea adui, vitani, katika nchi ya mbali. Kosa hilo leo lina jina katika sheria za kimataifa. Kanuni za The Hague za mwaka 1907 zimekataza kumwua adui kwa khiyana, Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 inayofuata Mikataba ya Geneva imeeleza khiyana hiyo ni ipi, nao Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, umeihesabu kuwa ni jinai ya kivita.

Kama dola inataka kuuvunja mkataba kwa sababu ya haki, Shaybani anasema haitoshi kuuvunja moyoni. Ni lazima upande wa pili uarifiwe, na upewe muda wa habari kuwafikia watu wake, kwa mujibu wa aya ya 58 ya Suratul Anfal. Mjumbe wa adui hadhuriwi. Mfanya biashara mgeni akifa katika nchi ya Waislamu, mali yake huhifadhiwa kwa ajili ya warithi wake hadi waje na ushahidi. Na Mwislamu anayeingia nchi ya adui kwa ruhusa yao ni haramu kwake kuwaibia au kuwahadaa, hata kama nchi yake iko vitani nao. Watoto, wanawake, wazee na watawa wasiopigana hawauawi. Waislamu walioasi wanapigwa vita hadi utii urudi tu, mali zao hazigeuzwi ngawira, wala wake na watoto wao hawafanywi mateka. Hukumu hiyo imechukuliwa kutoka katika mwenendo wa Sayyidna Ali (R.A.) baada ya vita vya Jamal mwaka wa 36 Hijria (656).

Suala la watu waliowekwa rahani linastahili kutajwa peke yake. Katika zama zile, mataifa mawili yakifunga mkataba yaliweza kupeana watu wa kukaa kwa upande wa pili kama dhamana. Ikiwa adui amewaua watu wetu walioko kwake, je, tunaruhusiwa kuwaua wa kwake walioko kwetu? Jibu la wanavyuoni hawa ni hapana, hata kama sharti hilo lilikuwa limeandikwa ndani ya mkataba. Mtu wa rahani hakuua, na hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Muawiya alipata kukabiliwa na jambo hilo hilo kwa Warumi waliovunja ahadi, akawaachia watu wao. Linganisha na hili: mwezi wa Februari 1948, huko Nuremberg, mahakama ya kijeshi ya Wamarekani iliyowahukumu majemadari wa Kijerumani kwa mauaji ya nchi za Balkani iliwatia hatiani wengi wao, lakini majaji wake waliona kwamba kwa masharti makali, na kama njia ya mwisho, sheria ya vita ya wakati ule ilikuwa bado inaruhusu kuwaua raia waliochukuliwa kwa dhamana. Mlango huo ulifungwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949.

Hata hivyo, tusijisifu kupita kiasi. Shaybani aliandika kwa ajili ya ulimwengu wa zama zake, ulimwengu wa dola zinazopigana kila kiangazi. Katika vitabu vyake mateka wa kivita aliweza kufanywa mtumwa, na kiongozi alikuwa na hiari hata ya kumwua. Anayesema kwamba kila kilichomo katika Mkataba wa Roma kilikuwa tayari kimo katika Siyar hajavisoma vyote viwili.

Tena, wanavyuoni hawakuafikiana katika kila jambo. Madhehebu ya Hanafi yalishika kwamba mtu akitenda jinai katika nchi ambayo mamlaka ya Khalifa hayafiki, kadhi hamhukumu kwa adhabu ya hadi akirudi, kwa sababu wakati wa kosa hapakuwa na mamlaka mahali pale, ingawa dhambi iko pale pale mbele ya Mola wake. Shafii alimpinga mwalimu wake katika hili, akaona kuwa haramu haibadiliki kwa kuvuka mpaka, wala adhabu yake haiondoki. Mjadala huo, wa nani ana mamlaka ya kumhukumu mtu kwa kosa alilolitenda kwingine, ndio uliokuwa nyuma ya mahakama iliyokaa Arusha. Watu walioshtakiwa kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 walihukumiwa katika ardhi ya Tanzania kwa mamlaka ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, hadi mahakama ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Binafsi, katika hili nakuta moyo wangu uko pamoja na Shafii.

Hati ya Yahya bin Abdillah

Shaybani hakuutafuta ukadhi. Inasemwa kwamba Abu Yusuf ndiye aliyelitaja jina lake bila kumshauri, na kwamba jambo hilo lilitia baridi kati yao. Kufikia mwaka 180 Hijria (796) alikuwa kadhi wa Raqqa. Siku moja Harun Ar-Rashid alipita, watu wote wakasimama isipokuwa yeye. Baadaye akaitwa ndani peke yake, na rafiki zake wakahofu. Khalifa alipomuuliza kwa nini hakusimama, alimweleza kwamba amemweka katika tabaka la wanavyuoni, naye hakupenda kutoka katika tabaka hilo kuingia lile la watumishi. Khalifa akaliacha. Alitaka kumuuliza jambo jingine: Wakristo wa kabila la Bani Taghlib walikuwa wakiwabatiza watoto wao kinyume cha walivyokubaliana na Sayyidna Omar, je, si halali sasa kuwapiga vita? Shaybani akajibu kuwa sulhu hiyo ilifungwa na Omar, kisha Othman na Ali wakaiacha kama ilivyo wakijua wanachokifanya watu hao, hivyo hakuna njia ya kuivunja. Wakaachwa.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa ni wa Yahya bin Abdillah. Huyu alikuwa wa kizazi cha Mtume (S.A.W.), ndugu yake Muhammad An-Nafs Az-Zakiyya aliyeuawa na Bani Abbas mwaka 145 Hijria (762). Yahya alinusurika katika vita vya Fakhkh karibu na Makka mwaka 169 (786), akakimbilia milima ya Daylam, kusini mwa Bahari ya Kaspi, na watu wakaanza kumzunguka. Mwaka 176 Hijria (792) Harun alimtuma Al-Fadl bin Yahya wa ukoo wa Barmaki pamoja na watu wapatao 50,000. Al-Fadl alipendelea barua kuliko panga, akamwahidi Yahya amani. Yahya, aliyewajua watawala, akataka hati iliyoandikwa na Khalifa kwa mkono wake mwenyewe, ishuhudiwe na makadhi, wanavyuoni na wakubwa wa Bani Hashim. Ikaandikwa, ikashuhudiwa, ikapelekwa pamoja na zawadi. Yahya akashuka mlimani.

Baghdad alipokewa kwa heshima na mali nyingi. Kisha wivu na wasiwasi vikaingia kwa Khalifa, wachongezi nao hawakukosekana. Harun akataka kumwua, ila hati ilikuwapo, na mashahidi wake walikuwa hai. Hakutaka kuonekana mvunja ahadi. Alitaka ahadi yenyewe ionekane haikuwa ahadi, na kwa kazi hiyo alihitaji wanavyuoni.

Wakaitwa watatu: Shaybani, Al-Hasan bin Ziyad na Abul Bakhtari Wahb bin Wahb. Hati akapewa kwanza Shaybani. Akaisoma, akasema ni amani iliyokamilika, haina hila ya kuivunjia. Khalifa akabishana naye, akitaja maasi ya Yahya. Shaybani akashikilia kwamba hata kama mtu huyo angekuwa amepigana vita kabisa, kisha akageuka na kupewa amani, angekuwa salama. Ghadhabu ikapanda. Inasimuliwa kuwa Harun alikichukua kidau cha wino akamtupia, kikampasua kichwa, damu ikachuruzika pamoja na wino. Al-Hasan bin Ziyad alipoulizwa, alisema kwa sauti dhaifu kuwa ni amani. Ndipo hati ikamfikia Abul Bakhtari. Yeye akasema ni batili, akataja kasoro moja baada ya nyingine, akaichana.

Yahya alikufa gerezani. Abul Bakhtari alizawadiwa mali na cheo, na wataalamu wa hadithi walimwandika katika orodha ya waongo. Shaybani alirudi nyumbani akiwa amezuiwa kutoa fatwa.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi. Shaybani hakuwa shujaa wa upanga, wala hakuitisha maandamano, wala hakumfuata Yahya katika siasa zake. Mshahara wake ulitoka kwa mtu huyo huyo aliyekuwa mbele yake. Aliulizwa kama hati ni sahihi, akasema ni sahihi, na alipokasirikiwa akasema tena ni sahihi. Wala hakufanikiwa kumwokoa Yahya. Hilo nalo lisemwe.

Zuio lake lilimalizika kwa njia isiyotarajiwa. Zubayda, mke wa Khalifa, yule ambaye jina lake limebaki katika mifereji ya maji ya njia ya mahujaji, alitaka kuweka wakfu akamtumia Shaybani swali. Akajibu kuwa amekatazwa kutoa fatwa. Zubayda akazungumza na mumewe, na ruhusa ikarudi.

Ray

Mwaka 189 Hijria (805) Harun alisafiri kuelekea Khurasan, akamchukua Shaybani kama kadhi katika msafara wake. Walipofika Ray, karibu na ilipo Tehran ya leo, Imamu alifariki akiwa na umri wa miaka hamsini na saba kwa hesabu ya Hijria. Siku hiyo hiyo alifariki pia Al-Kisai, bingwa wa sarufi na mmoja wa maimamu wa visomo saba vya Qur'ani, aliyekuwa katika msafara huo huo. Khalifa alihuzunika, akasema kwamba ameizika fiqhi na lugha ya Kiarabu mahali pamoja. Aliyeyasema hayo ndiye yule aliyerusha kidau.

Nakala ya As-Siyar Al-Kabir jinsi alivyoiandika mwenyewe haikutufikia. Kitabu kimetufikia ndani ya sherehe ya Imamu As-Sarakhsi, aliyeishi karibu miaka mia tatu baadaye huko Asia ya Kati. As-Sarakhsi alifungwa zaidi ya miaka kumi huko Uzgand, katika nchi ambayo leo ni Kyrgyzstan, kwa sababu alimwambia mtawala neno la haki. Alitiwa shimoni, na wanafunzi wake wakakaa juu ya ukingo wakiandika anayoyasema kutoka chini. Sehemu ya sherehe ya Siyar aliisomesha akiwa kifungoni, na akaimaliza baada ya kuachiwa.

Sherehe hiyo ilifasiriwa kwa Kituruki na kupigwa chapa Istanbul mwaka 1825. Miaka miwili baadaye mtaalamu wa Austria, Joseph von Hammer-Purgstall, alimfananisha Shaybani na Hugo Grotius, Mholanzi anayeitwa baba wa sheria ya kimataifa, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1625, zaidi ya miaka 800 baada ya msiba wa Ray. Mwaka 1955 wanasheria walianzisha huko Göttingen, Ujerumani, jumuiya ya sheria ya kimataifa yenye jina la Shaybani. Majid Khadduri, mzaliwa wa Mosul aliyefundisha Marekani, alitoa mwaka 1966 tafsiri ya Kiingereza ya milango ya siyar kutoka kitabu kingine cha Imamu, Al-Asl. Naye Dkt. Muhammad Hamidullah wa Hyderabad, aliyefariki mwaka 2002, aliifasiri sherehe ya As-Sarakhsi kwa Kifaransa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Shaybani, na awarehemu walimu wake na wanafunzi wake. Amin.